Kifundo cha mguu nacho hubadilishwa
Wengi huamini kwamba goti na nyonga hubadilishwa, lakini kifundo cha mguu kilicholika kwa baridi yabisi hakina tiba ila kuunganishwa mifupa kwa skrubu kisikunjike tena. Imani hiyo ina chanzo: vifundo bandia vya miaka ya 1970 vilibandikwa kwa saruji ya mifupa, na vingi vililegea mapema. Vya sasa ni vingine. Chuma juu, chuma chini, katikati plastiki ngumu inayoteleza. Mara nyingi mfupa wenyewe huota ukashikana na chuma. Kifundo kinaendelea kukunjika, na tofauti huonekana hasa kwenye mteremko. Hata hivyo, kwa kijana wa kazi nzito, au mwenye kisukari kilichoua hisia za miguu, mara nyingi kuunganisha ndiko kunakofaa.