Nani aliishi kwenye nyumba hii kuukuu ya Wales? Makosa ya kusoma sensa

Dhana: nambari iliyo pembeni mwa ukurasa ni nambari ya nyumba.

Siyo, na hapa ndipo wengi hupotea. Katika vitabu vya sensa vya 1851 hadi 1901, safu ya kwanza kushoto ina nambari ya fomu, jinsi karani wa sensa alivyozipanga fomu wakati wa kuzinakili. Nyumba inaweza kuwa 37 mwaka 1851 na 52 mwaka 1861 bila tofali kusogea. Vijijini Wales nyumba nyingi hazikuwa na nambari kabisa. Zilikuwa na jina, na karani mvivu aliandika jina la kijiji tu.

Kwa hiyo nyumba hutambuliwa kwa majirani. Anza na sensa ya 1921 au 1911 ukirudi nyuma. Kila mwaka andika nyumba tatu za kabla na tatu za baada, ukitafuta zisizohama: kinu, kanisa, baa, shamba kubwa. Soma maelezo ya eneo la karani mwanzoni mwa kitabu, kisha ifuate njia yake kwenye ramani ya Ordnance Survey (shirika la ramani la Uingereza) ya inchi sita kwa maili. Lakini angalia: karani alipanda upande mmoja wa barabara akashuka na mwingine, hivyo jirani wa kwenye karatasi huenda alikaa mbali.

Kuanzia 1861, mikwaju miwili (//) hufunga nyumba, mmoja (/) hutenganisha kaya ndani ya nyumba moja. Ukiupuuza huo mmoja, utawachanganya wapangaji na familia.

Dhana: jina la nyumba ni lilelile daima.

Chukua Ty'n-y-coed. "Ty'n" ni kifupi cha tyddyn, shamba dogo, kwa hiyo utakuta Tyddyn-y-coed, Tynycoed na Tyn y Coed, zote mlango mmoja. Tan-y-coed ni kitu kingine: "chini ya msitu". Karani akikosea herufi moja, anakupeleka kwa watu wengine. Nyumba ikigawanywa hupata Uchaf (ya juu) na Isaf (ya chini). Tafuta kwa parokia kwanza, jina baadaye.

Dhana: mkuu wa kaya ndiye mwenye nyumba.

Sensa haikuuliza hilo. Umiliki utafute kwenye ramani za zaka zilizotokana na sheria ya 1836: orodha zake zina safu ya mmiliki na safu ya mkaaji, na Maktaba ya Taifa ya Wales, Aberystwyth, imeziweka mtandaoni bure.

Dhana: umri wa 1841 ni sahihi.

Waliozidi miaka 15 walitakiwa kushushwa hadi tano ya karibu: mwenye 34 anaandikwa 30. Uhusiano wa watu haukuandikwa pia, basi usimwite mwanamke "mke" kwa sababu tu yuko mstari wa pili.

Dhana: John Jones ni yuleyule.

Wales ina akina John Jones wasiohesabika. Linganisha parokia ya kuzaliwa, kazi, na kuanzia 1891 safu ya lugha: Kiwelisi, Kiingereza au zote mbili.

Dhana: kila miaka kumi kuna rekodi.

Sensa ya 1931 iliteketea kwa moto Desemba 1942. Ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Pengo hilo huzibwa na daftari la watu la 29 Septemba 1939. Ya 1951 haitafunguliwa kabla ya 2052.

Dhana: nyumba isiyoonekana haikuwa imejengwa.

Huenda ilikuwa tupu usiku wa sensa. Kabla ya 1911, nyumba tupu hutiwa alama tu katika safu ya nyumba, mara nyingi bila jina. Macho yakikimbilia majina ya watu, huioni. Kwa 1911, ukikosa fomu katika RG 14 (namba ya mkusanyo wa fomu za kaya kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza), fungua muhtasari wa karani katika RG 78: majengo yameorodheshwa humo hata yasiyokaliwa na mtu.