Mzee analala vizuri? Dhana potofu kuhusu vidonge vya usingizi

Babu yetu wa Kayenze alivua dagaa maisha yake yote: usiku ziwani na karabai, mchana kitandani. Alipoacha ziwa, usingizi wa usiku ukamgomea. Mtu wa ukoo akamletea kutoka mjini vidonge vilivyofungwa kwenye kikaratasi, havina jina wala cheti cha daktari. Baadaye tukajua ni diazepamu. Wakati huo tulifurahi tu, mzee analala.

"Kimoja tu kila usiku, kitamfanya nini?" Hapa ndipo wengi tunapokosea. Kwa kijana wa miaka 20, nusu ya diazepamu hutoka mwilini kwa takriban saa 20. Kwa mzee wa miaka 80 inaweza kuchukua saa 90. Maana yake Alhamisi usiku, anapomeza cha nne, zaidi ya nusu ya kile cha Jumatatu bado imo. Ini la mzee huchakata dawa polepole, na mafuta ya mwili, ambayo uzeeni huongezeka, huigeuza kuwa akiba.

"Anasahau na kuyumba, ni umri." Huenda. Lakini babu alianza kumwita shangazi kwa jina la marehemu bibi wiki chache baada ya vidonge, si kabla. Alfajiri alikwenda chooni akipapasa ukuta, na choo chenyewe kiko chini ya jabali, ngazi saba za mawe. Dawa hizi hulegeza misuli, na mtu akijikwaa anachelewa kujishika. Orodha ya Beers ya Marekani, ya dawa zinazoweza kuwadhuru wazee, iliyoanza mwaka 1991, inashauri waliofika miaka 65 waziepuke. Nyonga ikivunjika uzeeni, wengine hawatembei tena kama zamani.

"Basi mpe Piriton, hiyo ni ya mafua tu." Nayo imo kwenye orodha hiyohiyo. Humkosesha mzee choo, humkausha mdomo, huziba mkojo kwa mwenye tezi dume iliyovimba, na inaweza kumvuruga akili.

Kuhusu gongo juu ya kidonge sina la kujadili: pumzi inaweza kukatika.

"Tumnyang'anye leo leo." Ndivyo tulivyofanya, nusura tujute. Wiki haikuisha babu akawa anatetemeka, jasho linamtoka, macho makavu usiku kucha. Aliyezoea hupunguziwa kidogo kidogo, daktari akimfuatilia; kukatisha ghafla kunaweza kuleta degedege.

Daktari tuliyempelekea alimrudishia dozi ndogo ya kushuka taratibu, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: "Shikamoo mzee. Usiku unaamshwa na nini?" Mkojo. Dawa yake ya presha, ile ya kukojoza, alikuwa akiimeza jioni. Ikahamishiwa asubuhi, na usingizi wa mchana ukafupishwa.

Hata sasa saa 9 usiku huwa macho. Anakaa barazani na blanketi, anatazama taa za wavuvi, na analalamika kwamba hizi za sola hazivuti dagaa kama karabai.