Maana ya 50:1 kwenye pawasoo

50:1 ni kipimo cha mafuta ya pawasoo, yaani msumeno wa mnyororo wa injini: sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya oili ya 2T, ile ya injini za mipigo miwili. Kwa lita moja ya petroli ni mililita 20 za oili, na kwa lita 5 ni mililita 100. Hicho ndicho kipimo cha pawasoo nyingi za Stihl na Husqvarna, iwapo oili ni ya kampuni yenyewe au ya daraja linalolingana nayo.

Kipimo hiki kinahusu kulainisha injini, basi. Kiasi cha hewa kinachochanganyika na mafuta ni jambo la kabureta, kifaa kinachovichanganya, nalo ni mchanganyiko wa pili kabisa. Mwenye nyumba wa Karen au Kitisuru, Nairobi, ambaye pawasoo yake imeanza kukosa nguvu hupunguza oili ili "iwe nyepesi". Jirani yake anayeogopa injini isinoki, yaani isikwame kwa joto, humimina mara mbili ya kipimo. Wote wawili wanashika mchanganyiko wa kwanza ilhali kasoro huwa iko kwenye wa pili.

Injini ya gari au ya bodaboda ya kisasa ina oili yake pale chini, na unaibadilisha kwa wakati wake. Pawasoo haina. Petroli iliyochanganywa hupitia kwanza kwenye chumba cha kranki, chini ya pistoni, petroli inageuka mvuke, oili inabaki kama utando juu ya beringi, pini ya pistoni na ukuta wa silinda, kisha nayo inapanda na kuungua. Ukitia petroli tupu, hakuna akiba popote. Pistoni inapata joto, inavimba, inakwaruza silinda, na mambo hayo huchukua dakika, si wiki.

Oili yenyewe ichague kwa kusoma chupa. Tafuta alama ya JASO FD au ISO-L-EGD, ambazo ni madaraja ya ubora wa oili ya 2T. Hizo huungua safi. JASO FB ni ya chini zaidi na huacha masizi mengi. TC-W3 ni ya injini za mashua, zinazopozwa kwa maji, kwa hiyo haifai kwenye injini inayopozwa kwa hewa. Oili ya gari, hata iwe mpya, ina viambato vinavyobaki kama majivu kwenye plagi na juu ya pistoni. Vitabu vingi vya Stihl huruhusu oili ya kampuni nyingine yenye daraja la TC (alama nyingine ya oili ya 2T) kwa 25:1, yaani mililita 40 kwa lita, na vya Husqvarna hutaja 33:1, yaani mililita 30. Kama kitabu cha mashine yako kinasema vingine, fuata kitabu.

Kosa la kipimo mara nyingi huanzia kituoni, kwa sababu tunanunua mafuta kwa shilingi. "Tia ya mia tano" haikuambii ni lita ngapi, na bei ya EPRA, mamlaka inayopanga bei ya mafuta, hubadilika kila mwezi. Soma lita kwenye pampu. Bei ikiwa shilingi 180, mathalani, mafuta ya 500 ni lita 2.78, nayo yanataka karibu mililita 56 za oili. Sirinji ya mililita 20 kutoka duka la dawa inapima vizuri kuliko kifuniko chochote cha chupa. Mimina nusu ya petroli kwenye jerikeni safi, tia oili yote, funga na utikise, malizia petroli, tikisa tena. Kabla ya kujaza mashine kila mara, tikisa. Usichanganyie ndani ya tangi la pawasoo. Super ya kawaida inatosha. Ile ya bei ya juu haiongezi nguvu. Petroli ya chupa kando ya barabara iache: ikiwa imetiwa mafuta ya taa, injini hugonga ndani na pistoni huumia hata kama oili imepimwa sawasawa.

Sasa mchanganyiko wa pili. Nairobi iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na ya Mombasa. Kabureta iliyopangiwa usawa wa bahari, ikifika hapa, humwaga mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Mashine inakuwa nzito, inatoa moshi, plagi inageuka nyeusi na yenye unyevu, na mtu anaanza kuilaumu oili. Dawa ni skrubu ya H kwenye kabureta, inayotawala mafuta wakati wa resi kubwa. Ukiizungusha kulia unapunguza mafuta, kushoto unaongeza. L ni ya mwendo wa chini na kuanza resi; LA, au T, huinua na kushusha mwendo wa chini tu. Mnyororo ukizunguka bila wewe kubonyeza resi, shusha LA. Pawasoo zenye kabureta ya elektroniki hujipanga zenyewe, hizo usihangaike nazo.

H ipangwe kwa takometa (kipima mizunguko ya injini) na idadi ya mizunguko iliyo kwenye kitabu. Bila takometa, tumia sikio: nje ya mti, resi yote kwa sekunde chache, sauti inapaswa kukatikakatika kidogo, msumeno ukiingia kwenye mti, inanyooka. Ikiwa inalia kwa ukali bila kukatika hata nje ya mti, mafuta ni machache mno, fungua H kidogo. Na usijaribu resi yote ukiwa umefunga breki ya mnyororo, klachi itaungua.

Hapa ndipo mashine za Nairobi hufia pwani. Fundi amebana H vizuri kwa hewa ya huku, kisha pawasoo inapelekwa Kilifi kukata mikoko iliyokauka au minazi iliyoanguka. Hewa ya kule ni nzito, mafuta hayakuongezwa, na pamoja na mafuta hayo machache oili nayo inafika kidogo. 50:1 ndani ya jerikeni ni sahihi kabisa, na bado pistoni inashika. Kuongeza oili hakuokoi. 25:1 hata inapunguza petroli kwa takriban asilimia 2. Fungua H ukifika.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, angalia vitu vya bei rahisi. Filta ya hewa iliyoziba huifanya mashine ionekane ina mafuta mengi. Filta ndogo ndani ya tangi, bomba lililopasuka au tundu la kupumulia la tangi lililoziba huinyima mafuta. Mwendo wa chini ukipanda wenyewe, au resi ikichelewa kushuka ukiachia, shuku hewa inayoingia kupitia sili za kranki au gasketi ya kabureta. Hiyo skrubu haitibu. Nguvu ikipotea polepole na moshi upo, fungua ekzosi uangalie wavu wake wa kuzuia cheche: masizi huuziba, hasa kwa anayezidisha oili. Plagi huwa na nafasi ya milimita 0.5 kwa mashine nyingi. Na kama msumeno unatoa vumbi badala ya vipande, injini haina kosa, noa mnyororo.

Pawasoo ikiwa imeshanoki, toa ekzosi umulike pistoni kupitia tundu lake. Mikwaruzo iliyozunguka pistoni yote huelekeza kwenye petroli isiyo na oili. Ikiwa upande wa ekzosi pekee, kwa kawaida ni mafuta machache au hewa inayovuja. Mwambie fundi atafute chanzo kabla hujanunua silinda Kirinyaga Road, la sivyo mpya itafuata ya zamani.

Mafuta yaliyochanganywa yatumike ndani ya siku 30. Ukiiweka mashine kwa miezi, mwaga tangi, kisha iwashe mpaka ijizime yenyewe; petroli iliyolala huacha gundi na kukakamaza kiwambo cha kabureta. Oili ya mnyororo ina tangi lake, haihusiki na 50:1. Hapo pia usitie oili chafu ya gari: ina chembe za chuma na si salama kwa ngozi.