Msafara wa pikipiki kutoka Mombo hadi Lushoto: yanayosemwa na ukweli wake

Barabara inayochepuka Mombo kutoka barabara kuu na kupanda Milima ya Usambara hadi Lushoto ina urefu wa kilomita 33 hivi, na kwa ufupi huo vikundi vingi vya pikipiki huichukulia kuwa matembezi mepesi ya asubuhi. Lami ipo, lakini ni nyembamba. Upande mmoja kuna mwamba, upande wa pili korongo, na kona zimefichana kiasi kwamba basi linaloshuka hulioni mpaka limekukaribia. Nimepanda huko mara kadhaa nikiwa mfunga msafara, yaani yule anayekaa nyuma ya wote, na mengi ninayoyasikia yakisemwa kabla ya kuondoka Mombo si kweli.

Dhana ya hatari kuliko zote ni kwamba kusafiri kwa kundi ni kutomwacha aliye mbele yako akapotea machoni. Kiongozi akipunguza mwendo konani kisha akaongeza, wa pili huongeza zaidi kidogo ili azibe pengo, wa tatu huongeza zaidi ya wa pili, na yule wa kumi, ambaye mara nyingi ndiye mgeni wa barabara, hujikuta akiingia kona inayofuata kwa mwendo ambao hakuna aliyeukusudia. Kinachozuia watu kupotea si kufukuzana bali ni utaratibu: kwenye njia panda, kama pale Soni ambapo barabara ya Bumbuli inaachana na ya Lushoto, anayemfuata kiongozi husimama mahali salama na kuwaelekeza wenzake mpaka mfunga msafara afike. Utaratibu huo ukieleweka, kila mtu anaweza kupanda kwa mwendo anaoumudu.

Wengine huamini kwamba mpango wa kupishana, mmoja kulia na mwingine kushoto, lazima udumishwe mwanzo hadi mwisho. Unafaa kwenye barabara iliyonyooka, kukiwa na nafasi ya sekunde mbili au zaidi kutoka kwa aliye mbele yako upande wako. Kwenye kona za milimani, hata hivyo, mwendeshaji anahitaji upana wote wa upande wake ili akwepe kokoto au tope lililoletwa na mvua kutoka mashambani, kwa hiyo kundi hupaswa kujipanga katika mstari mmoja wenye nafasi kubwa.

Kuhusu mteremko, wapo wanaosema kwamba kushuka kwa fri, yaani gia ikiwa imetolewa, au hata kuzima injini kabisa, kunaokoa mafuta. Kwa pikipiki zenye mfumo wa kielektroniki wa kunyunyizia mafuta kauli hiyo ni kinyume cha mambo: ukiachia mkono wa mafuta huku gia imeingia na mwendo ukiwa wa kutosha, mfumo hukata mafuta, ilhali kwenye fri injini inaendelea kuyatumia ili isizimike. Kwa zile za kabureta kinachookolewa ni kidogo mno, na gharama yake ni kubwa, kwa sababu uzito wote wa pikipiki, abiria na mzigo unabaki kuzuiwa na breki peke yake. Breki inayokamatwa mfululizo hupata moto na kupungua nguvu. Mafuta ya breki ya zamani, ambayo yamefyonza unyevu wa hewa, huchemka mapema zaidi kuliko mapya, na yakichemka mkono wa breki hulegea na kuingia bila kushika. Tumia gia ya pili au ya tatu, uiache injini ishike, kisha breki uikamate kwa vipindi kabla ya kona.

Breki ya mbele nayo inaogopwa bure. Pikipiki inapopunguza mwendo uzito huhamia gurudumu la mbele, na hapo ndipo penye uwezo mkubwa wa kusimamisha. Kinachomwangusha mtu ni kuibana ghafla, hasa pikipiki ikiwa imelala konani.

Si kweli pia kwamba safari hii inataka pikipiki kubwa, kwani bodaboda za cc 125 na 150 huipanda kila siku zikiwa na abiria.

Jambo linalowashangaza wageni ni baridi. Lushoto ipo mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, takriban kilomita moja juu ya Mombo, na joto hushuka kwa nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda, mbali na upepo wa mwendo wenyewe. Vidole vilivyokufa ganzi havikamati breki vizuri, kwa hiyo glavu ni kifaa cha usalama.

Mwisho, husemwa kwamba kwa umbali mfupi hivyo hakuna haja ya kuwahi kurudi. Jioni ukungu huweza kuifunika milima, na anayetoka kutazama tambarare ya Mazinde pale Irente, ukingo wa mlima karibu na Lushoto, huwa amechoka bila kujijua. Kundi letu huanza kushuka kabla ya saa tisa alasiri, hata kama wapo ambao hawajanunua matunda. Soko la Soni lipo njiani, watayakuta.