Ziwa likijaa msikimbilie kulaumu Kagera

Kila maji yakipanda huku Mwanza naulizwa lilelile, eti mto Kagera umemwaga sana, au Waganda wamefunga mageti ya bwawa la Jinja, kule Nile inakotokea ziwani? Mimi ni mtu wa haidrolojia, kazi yangu kufuatilia maji yanatoka wapi na yanaishia wapi, na jibu langu huwa angalieni juu. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, halafu Kagera, Simiyu, Mara na mito mingine yote inagawana kilichobaki. Na mengi hayaondoki na Nile, yanaondoka na jua kama mvuke.

Wavuvi wanaijua hii mvua, usiku nchi kavu inapoa ziwa linabaki na joto, pepo za pande zote zinakutana katikati na hapo ndo radi na dhoruba zinaanza wakati sisi huku tumelala hatuoni hata tone.

Sasa pigeni hesabu na mimi. Ziwa lina kilomita za mraba kama 68,800, kwa hiyo sentimita 1 tu ni karibu mita za ujazo milioni 690. Mlango wa kutokea ni mmoja, Jinja, wakiachia mita za ujazo 1,000 kwa sekunde hiyo sentimita inaisha kwa siku 8, tena mvua, mito na jua vyote viwe vimesimama! Mita nzima je? Zaidi ya miaka miwili. Mageti yana mchango wake, mwaka 2005 na 2006 ziwa liliposhuka sana ilikuwa ukame pamoja na maji mengi kuachiwa, siwezi kulificha hilo, ila ile ya 2020 ni mvua. Vuli ya 2019 magharibi mwa Bahari ya Hindi kulikuwa na joto kupita kawaida, ikanyesha kweli kweli, Mei 2020 kipimo cha Jinja (kinasoma kimo cha maji juu ya alama yake, si kina cha ziwa) kikasoma mita 13.42, kikaipita rekodi ya 1964 kwa sentimita moja. Na 2024 likapanda kuliko hapo.

Kwenye majabali ya Capri Point hapa Mwanza huoni tofauti kubwa, ila mwalo tambarare wenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 50, ziwa likipanda mita moja limeingia ndani mita 50. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema msifanye shughuli za kudumu, kama kujenga, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, ila watu wanapima kutoka maji yalipo siku ya kununua kiwanja na hapo ndo roho inaniuma. Kabla hujalipa waulize majirani maji ya 2020 na 2024 yalifika wapi, anza kuhesabu mita zako hapo.