Mchanganyiko wa petroli na hewa ni nini, na unauaje injini

Fundi akikwambia mchanganyiko wa pikipiki yako hauko sawa, anaongea juu ya hewa na petroli vile zinaingia kwa silinda pamoja kabla plagi ipige moto. Kipimo cha kuchomeka yote bila kubakisha ni kama gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Petroli ikizidi hapo mchanganyiko ni mzito, hewa ikizidi ni mwepesi. Injini ikipanda mlima inataka uwe mzito kidogo, karibu gramu 12.5 hadi 13 za hewa kwa gramu moja ya petroli, hapo ndio nguvu iko.

Mzito sana utaujua tu, moshi mweusi, harufu ya petroli, plagi nyeusi kama sufuria ya kuni, na ukikaa nayo hivyo miezi petroli inaosha oili kwa ukuta wa silinda na ringi za pistoni zinaisha. Lakini angalau inakupea muda.

Mwepesi ndio wa kuogopa, kwa sababu hakuna moshi na mafuta yanaenda polepole, unaona pikipiki iko poa kabisa. Petroli ikiingia huwa inapoesha ndani, sasa ikipungua na umebeba abiria wawili na umefungua resi yote, joto linapanda, injini inaanza kugonga kama misumari kwa mkebe, valvu ya ekzosi inaungua, pistoni nayo inayeyuka.

Binamu yangu alinunua boda Nakuru akaileta Kisumu. Fundi wa Nakuru alikuwa ameweka jeti ndogo, yaani kale katundu kanapitisha petroli, kwa kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, ndio moshi mweusi uishe, na hapo Nakuru ilikuwa sawa, mji uko kama mita 1,850 juu na hewa yake ni nyembamba. Kisumu ni kama mita 1,130, hewa ni nzito zaidi na jeti ni ile ile, kumaanisha hewa imeongezeka na petroli imebaki nyuma. Juu ya hiyo, mpira unaoshika kabureta na injini ulikuwa na ufa mdogo unavuta hewa ya wizi. Alifurahi sana ati inasevu mafuta. Wiki ya tatu ikazimika na mzigo wa omena, tukafungua tukapata plagi nyeupe kama chaki na pistoni imetoboka katikati, shimo unaweza kuingiza kidole kidogo. Plagi ya injini iliyo sawa huwa kahawia, kama chai ya maziwa.

Pikipiki za injeksheni, zile zinanyunyizia petroli kwa nozeli badala ya kabureta, zinajirekebisha zenyewe, nyingi ziko na sensa ya oksijeni kwa ekzosi, ingawa pampu ikichoka au nozeli ikiziba mchanganyiko unakuwa mwepesi vile vile.

Kwa hivyo ukinunua boda ya kabureta kutoka milimani, ambia fundi aangalie jeti ni namba gani, na ukiachilia resi uskie injini bado inalia juu haishuki, kagua ule mpira kabla ubebe mtu mwingine.