Samaki mmoja, inite mbili

Mama mmoja anayeuza sambaza (samaki wadogo) hapa Goma alinijia juzi na simu mkononi. "Eh papa, nimetuma mesaji moja, inite zimeenda kama za mbili!" (Inite ndiyo salio la simu.) Nikamwomba niione. Herufi 120 hivi, bei na mahali pa kumpata, na mwishoni kabisa samaki: 🐟.

Samaki huyo ndiye aliyemkata. Esemesi ya herufi za kawaida inabeba hadi 160. Ukiingiza alama moja tu isiyo kwenye orodha ya kawaida ya simu, mesaji nzima inaandikwa kwa mfumo mwingine na nafasi zinashuka hadi 70. Emoji yenyewe inakula mbili kati ya hizo. (Sisi wa kuchanganya Kifaransa tujihadhari pia: é na è hazina shida, lakini ê ya "fête" inaweza kukuletea hasara ileile.)

"Basi niandike tu SAMAKI?"

"Ndiyo, mama. Herufi sita, bei haipandi."

Watu wengi hudhani emoji ni kapicha. Hapana, ni herufi yenye namba yake katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi zote za kompyuta na simu. Samaki huyu ni U+1F41F. Kinachosafiri ni namba, halafu kila simu inamchora kwa fonti yake. Ndiyo maana wako ana mapezi marefu na wa mwenzako ni mnene, na simu ya zamani inaonyesha kisanduku kitupu.

Kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na nukta, orodha ya emoji itafunguka. Kwenye ukurasa wa wavuti unaweza kumbandika samaki moja kwa moja, mradi juu umeandika <meta charset="utf-8">, au uandike &#x1F41F; na kivinjari kitamchora.

Kilichoninyima usingizi mimi ni hifadhidata. Katika duka moja la mtandaoni nililotengeneza, maoni ya wateja yalikuwa yanakatika palepale penye emoji. Kumbe ile "utf8" (namna ya kuhifadhi herufi) ya zamani ya MySQL, programu ya hifadhidata niliyotumia, inaishia baiti tatu kwa herufi, na samaki anataka nne. Nilibadilisha majedwali yote kuwa utf8mb4, inayokubali nne, maoni yakaacha kukatika.

Bendera ni kichekesho kingine. 🇨🇩, ya Kongo yetu, ni herufi mbili maalumu, C na D, zilizowekwa pamoja. Windows haichori bendera za nchi, inaacha herufi zilivyo. Mteja wangu wa mtaa wa Himbi, hapa Goma, alifungua ukurasa wake kwenye kompyuta, akaona "CD", akanipigia kwa hasira kwamba nimemwekea tangazo la muziki.